Duniani wawili wawili: tumeiangalia La Double Vie de Véronique juu ya paa hapa Amu (Lamu)

Hii picha nimekaa nayo wiki mbili sijaandika kitu, kila nikianza nafuta, manake ukiieleza hadithi yake hivi hivi mtu atakwambia kumbe ndio hiyo tu. Wasichana wawili wamefanana kama shilingi kwa ya pili, mmoja yuko Polandi aitwa Weronika, mmoja yuko Ufaransa aitwa Véronique, hawajuani wala hawajawahi kusemezana, mmoja afa na mwengine abaki na majonzi asiyojua yametoka wapi. Basi. Ndio sinema yenyewe hiyo, dakika 98. Na mimi nawaambia sijaona picha iliyonishika roho kama hii, na nimeangalia nyingi, za Kihindi, za Kinaijeria, za Kituruki mpaka asubuhi.

Imetengenezwa na Mpolandi mmoja, Krzysztof Kieślowski, ikatoka 1991. Aliiandika pamoja na Krzysztof Piesiewicz ambaye kazi yake hasa ilikuwa uwakili. Wasichana wote wawili wachezwa na mtu mmoja, Irène Jacob, na mwaka huo huo kule Cannes, kwenye tamasha la sinema la Ufaransa, akapewa tuzo ya muigizaji bora wa kike, hata miaka 25 hajatimiza. Na hapa kuna kitu nilikijua baadaye kikanifanya niirudie tena: kwenye sehemu ya Polandi sauti ya kuzungumza si yake, alitiliwa na muigizaji wa kule Polandi, na kuimba pia si yeye, aimba mwanamke mwengine kabisa aitwa Elżbieta Towarnicka. Yaani yule Weronika unayemuona na kumpenda ni watu watatu wameshonwa pamoja, na hujui mpaka uambiwe.

Sasa tuliionaje. Diski ilitoka Shela, kwenye nyumba moja ya wageni anakofanya kazi shoga yangu, mgeni aliacha sanduku zima akasema gaweni. Laptopu yetu ni ya zamani, tundu la diski inalo lakini kioo kimepasuka hakionyeshi kitu, kwa hivyo tuliazima projekta ya kaka yangu ile anayoonyeshea mpira, tukapanda juu ya paa huku Mkomani, tukaielekeza kwenye ukuta wa chokaa wa nyumba ya jirani. Tulikuwa wanawake watatu: mimi, shoga yangu, na dada yangu mtoto wa mama mdogo aliyekuja kutoka Mombasa kwa Maulidi. Huyu dada ndiye aliyenifanya niandike, nitamfikia.

Kitu cha kwanza ni rangi. Mpiga picha wake, Sławomir Idziak, aliweka vichujio mbele ya kamera, kila kitu kikatoka manjano ya kuingia kijani, nyuso, kuta, mitaa, kama vile ulimwengu wote wauangalia kupitia chupa ya samli. Mwanzo nilidhani ni projekta imeharibika. Halafu macho yakazoea, na juu ya ule ukuta wetu wenye vishimo na chokaa iliyobanduka ikawa yaonekana kama mwanga wa kandili wakati nilipokuwa mdogo, kabla stima haijaingia nyumbani kwa bibi. Sijui huko kwenye skrini nzuri yaonekanaje. Kwetu ilikuwa sawa sawa.

Mapema tu kuna mahali Weronika yuwaimba na kwaya uwanjani, mvua yashuka, wenziwe wote wakimbia kujikinga, yeye abaki amesimama, uso ameuinua, maji yamteremka, na ile sauti ya mwisho haiachi mpaka aimalize. Uso wake una raha ambayo sijui niifananishe na nini, labda na ule uso wa watu kwenye Maulidi usiku wa mwisho pale msikiti wa Riyadha wakati kasida imepanda na hakuna anayekumbuka kuwa amechoka. Shoga yangu akasema huyu atakufa. Nikamwambia nyamaza. Akasema mtu mwenye raha kiasi hiki kwenye sinema hufa, utaona.

Ana ugonjwa wa moyo. Hatuambiwi kwa maneno, twamuona tu njiani ghafla ajishika kifua, ajiburura mpaka kwenye benchi. Dada yangu ni nesi na hapo alikasirika kweli, "mbona hakuna wa kumpeleka hospitali huyu mtoto, mbona hamwambii mtu?" Na hakumwambia mtu. Shangazi yake huko Kraków amwambia kuwa kwao watu hufa wakiwa wazima wazima, mama yake Weronika pia alikwenda hivyo, na hata hilo yeye halimtishi. Apata nafasi ya kuimba kwenye konseti kubwa, furaha imemjaa, apita kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji siku ya maandamano, kijana mmoja anayekimbia ampiga kikumbo, karatasi zake za muziki zatawanyika, aziokota, na alipoinua kichwa ndipo aona basi la watalii, na mtalii mmoja apanda yuwapiga picha haraka haraka, na yule mtalii ni yeye. Uso wake mwenyewe. Basi lazunguka uwanja, na yeye lamzunguka, amesimama tu na kicheko kidogo mdomoni. Yule wa ndani ya basi hamuoni.

Hakuna muziki wa kushtua pale, wala wa kutisha. Mtu amejiona akipita. Mimi nilipigwa na baridi na huku upepo wa juu ya paa ulikuwa wa joto.

Halafu konseti. Na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu naona watu wengi huupita huu wimbo kwa vile ni wa Kitaliano na maandishi ya chini hayautafsiri wote. Muziki ni wa Zbigniew Preisner, ijapokuwa ndani ya sinema wasema ni wa Mholanzi wa zamani aitwa Van den Budenmayer. Huyo Mholanzi hakuwahi kuwako, wamemzua wao wenyewe. Lakini maneno ni ya kweli, ni ya Dante, yule mshairi wa Italia wa miaka 700 iliyopita, kwenye sehemu ya Peponi. Na yasema nini? Yasema enyi mlio ndani ya kidau, mlioifuata kwa hamu ya kunisikiliza jahazi yangu inayokwenda ikiimba, msiingie kilindini, huenda mkinipoteza na nyinyi mkapotea. Na kwenye shairi lenyewe kuna mstari mwengine uwaambia wageuke warudi wakaone pwani zao.

Nilipoyajua haya ilibidi niinuke nizunguke nyumba. Mimi ni mtoto wa Amu, sihitaji kuelezwa na mtu kidau kufuata jahazi ni kitu gani. Kusi ikiwa imeshika, miezi ile ya sita na saba, vidau hukaa ndani ya mkondo, na anayepita Shela kwenda bahari kuu na chombo kidogo huwa ama amekosa akili ama ana njaa nyumbani. Basi huyu Weronika amesimama mbele ya watu, moyo wake mbovu, aimba kwa sauti kuliko zote, na anachokiimba ni onyo kwa mwengine. Rudi nyuma. Usinifuate. Na yeye mwenyewe yuko kwenye kilindi tayari. Sauti yapanda, yapanda, yakatika, aanguka, na kamera yapaa juu ya vichwa vya watu kama kitu kilichotoka mwilini mwake. Kinachofuata ni mazishi, na sisi tuko chini ndani ya kaburi twaangalia juu, udongo watushukia mpaka giza.

Hapo picha haijafika hata nusu.

Ndipo twaletewa Véronique, Ufaransa, mji wa Clermont-Ferrand, yuko na mwanamume kitandani na ghafla majonzi yamwingia. Aulizwa una nini, hajui. Amwambia yule mwanamume ni kama yuko msibani. Kesho yake aenda kwa mwalimu wake wa kuimba amwambia naacha, mwalimu amgombeza kuwa ni dhambi kutupa kipaji namna hiyo, na yeye hana sababu ya kumpa, ajua tu ni lazima aache. Ana moyo mbovu na yeye! Ule ule! Lakini aacha, na aishi. Kwenye kidau chake amesikia onyo la jahazi ambayo hakuijua hata kama iko.

Kuna neno moja amwambia babake, kwamba juzi juzi ghafla alijihisi yuko peke yake, na hali hakuna kilichobadilika. Na kule Polandi, mwanzo, Weronika alimwambia babake kinyume chake, kuwa ahisi hayuko peke yake. Sinema nzima iko kati ya maneno haya mawili.

Sasa kisa chetu. Kati kati ya sehemu ya Ufaransa Véronique aanza kuletewa vitu na mtu asiyemjua, simu usiku, kamba ya kiatu ndani ya bahasha, halafu kaseti. Aweka kaseti masikioni asikiliza. Ni sauti tupu, hatua za mtu, mlango, matangazo ya stesheni, vikombe, na yeye ajaribu kujua kwa masikio ni wapi. Hapo hapo stima ikakatika mtaa mzima. Projekta ikazima, ukuta ukawa ukuta, lakini laptopu ina betri na spika ina chaji, kwa hivyo sinema ikaendelea bila picha. Nikataka kuizima, dada akanishika mkono, akasema iache.

Basi tukakaa gizani watatu na sisi twasikiliza kaseti kama yeye. Kifaransa hatukijui hata neno. Twasikia hatua, twasikia garimoshi, dada asema hii ni stesheni, hapa watu wala, skiza sahani, na kwa chini ya hizo sauti za Paris zikawa zachanganyika na zetu, punda mmoja huko Langoni yualia, injini ya boti yatoka, na muuza kahawa yuapita chini agonga vikombe vyake. Kwa muda nikawa siwezi kutenga ipi ni ya huko na ipi ni ya hapa. Wallahi hata muongozaji mwenyewe asingepanga vizuri zaidi. Dakika kama ishirini hivi stima ikarudi, tukairudisha nyuma kidogo, na kumbe kweli ni stesheni, ni mkahawa wa pale Gare Saint-Lazare, na yule mtu amekaa amngoja siku mbili.

Yule mtu sasa. Aitwa Alexandre, achezwa na Philippe Volter, atengeneza vikaragosi na kuandika vitabu vya watoto, na mimi nampa nusu ya lawama za picha hii. Kwanza onyesho lake shuleni ni zuri mno, kile kikaragosi cha mcheza densi kinachoanguka na kufa halafu chafunikwa na kutoka kipepeo, na mikono iliyokichezesha ni ya fundi wa kweli wa Kimarekani, Bruce Schwartz, mikono yaonekana wazi na bado wasahau kuwa iko. Watoto waliokaa kuangalia, nyuso zao nazijua, nafundisha chekechea, ndizo nyuso za watoto wangu nikiwasomea hadithi ya sungura. Hapo sina neno. Lakini huyu bwana amemvuta msichana kutoka mji hadi mji kwa sauti na kamba, msichana afika moyo wamwenda mbio adhani ni mapenzi, na yeye amwambia alikuwa ataka kujaribu kwa ajili ya kitabu chake kama mwanamke aweza kuja kwa kuitwa na mtu asiyemjua. Shoga yangu alitukana. Véronique akimbia, na sawa, halafu wakutana tena hotelini na amsamehe, na pale ndipo picha ilipolegea, ile hoteli ni ndefu, na nilihisi muongozaji amempenda huyu bwana kuliko anavyostahili. Pia kuna kisa cha rafiki yake anayetaka talaka na Véronique akubali kumtolea ushahidi wa uongo kortini, kisa chaanza kisha chapotea, sikuona faida yake.

Lakini hoteli hiyo hiyo ndiyo yenye tukio kubwa kuliko yote. Véronique amwaga mkoba wake kitandani, vitu vyote vyamwagika, kuna kijipira cha gololi safi ambacho Weronika pia alikuwa nacho (kule kwenye treni aliuangalia ulimwengu kupitia kwacho, juu chini), na kuna karatasi ya vipicha vidogo vidogo vya safari ya Polandi. Alexandre aangalia asema hii picha nzuri, wewe na hili koti kubwa. Véronique aichukua. Asema huyu si mimi, hili si koti langu. Na hapo aelewa. Ile picha aliipiga mwenyewe kwenye dirisha la basi, ilikuwa mkobani mwake siku zote hizo, hakuwahi kuiangalia vizuri. Alia kilio ambacho hakuna muigizaji amewahi kunililia hivi, cha mtu aliyepokea taarifa ya msiba uliokwisha kuzikwa zamani.

Baadaye Alexandre atengeneza vikaragosi viwili vyenye sura yake. Viwili kwa nini? Asema vyaharibika sana wakati wa onyesho, yafaa kuwe na cha akiba. Halafu amsomea hadithi anayoiandika, ya watoto wawili wa kike waliozaliwa siku moja na saa moja miji mbali mbali, wakiwa na miaka miwili mmoja akaunguza mkono kwenye jiko, siku chache baadaye yule mwengine akanyoosha mkono kwenye jiko na akaurudisha, na hakuwa na njia ya kujua.

Dada yangu aliposikia hili la jiko alinyamaza kimya mpaka sinema ikaisha.

Niwaeleze. Mimi na yeye tumepishana siku tisa kuzaliwa, na mpaka leo kuna wazee Langoni wanamuita kwa jina langu. Tulipomaliza sekondari ami yetu Mombasa alipata nafasi moja ya chuo cha uuguzi, moja tu, na ilikuwa yangu, nguo zilikuwa zishafungwa. Wiki ile ile homa ikanishika, malaria kali, sikuweza kusimama. Akaenda yeye. Nilikuwa nimelala juu, nimefunikwa mablanketi mawili, na nikasikia boti ya kwenda Mokowe, kule bara, ikiondoka. Toka siku hiyo kila akija Idi au Maulidi namuangalia mkoba wake, saa yake, anavyozungumza na daktari kwenye simu, na moyoni nasema hivyo ni vyangu. Simchukii, nampenda sana, lakini nasema ni vyangu. Sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya sinema shoga yangu aliteremka, sisi tukabaki na chai. Nikamuuliza kama aliipenda. Akasema aah, haina kichwa wala miguu, mwanamke ateseka kwa kamba ya kiatu. Kisha akasema, "Lakini lile la jiko ni kweli." Akaniambia mwaka wake wa kwanza Mombasa alilala jikoni kwenye ile nyumba aliyopewa akae, afulia watu kumi kabla ya kwenda darasani, na wodini wiki ya pili mtoto wa miezi mitatu alimfia mikononi na hakuna aliyemwambia neno, aliambiwa aoshe kitanda. Barua alizokuwa akiniandikia wakati huo ninazo. Zote zasema niko salama, Mombasa kuzuri. "Ungekwenda wewe," akaniambia, "ungerudi hata mwezi hujamaliza, nakujua. Ungerudi na usingefundisha watoto wala usingefanya chochote. Mimi niliungua, wewe ukarudisha mkono. Na hukujua kwa nini homa ilikushika."

Sikujua kama nimetukanwa au nimepewa zawadi. Mpaka sasa sijajua. Lakini ndio nasema hii picha si ya kuuliza je ningekuwa fulani maisha yangu yangekuwaje, kama tunavyoulizana barazani. Yasema yale maisha mengine yapo, kuna mtu ayaishi sasa hivi, ana mwili, aumwa, na huenda raha yako ya leo imelipiwa na yeye. Nimeangalia picha nyingi za watu kubadilishana maisha na zote humfanya yule mwengine kuwa ndoto au kioo. Huyu Kieślowski amempa mwenzako jina, shangazi, koti kubwa, na kaburi.

Asubuhi nilimuelezea bibi hadithi yote akiwa anakaanga mahamri. Alisikiliza, akasema, "Mwanangu, hilo la ajabu nini? Duniani wawili wawili." Kisha akageuza mahamri mawili matatu akaniuliza, "Na babake yule aliyekufa, nani alimpelekea habari?" Sikuwa na jibu. Sinema haituonyeshi. Yatoka kwenye jukwaa mpaka kaburini, kisha yahamia Ufaransa kwa mwenye kuishi. Ni swali ambalo sisi watatu wa juu ya paa halikutujia kabisa, na tangu anikosoe nalo naliona ni ufa wa kweli kwenye picha hii, kwamba yamjali sana aliyeonywa, na waliobaki upande wa pili wasahauliwa.

Mwisho wake uko namna mbili, na diski yetu ilikuwa nayo yote. Ule wa asili, Véronique aenda kwa babake, ni fundi wa mbao, asimamisha gari nje, anyoosha mkono agusa shina la mti, na ndani babake ainua kichwa kutoka kwenye kazi yake kama aliyeguswa. Imeisha. Wasambazaji wa Marekani waliona haitoshi, wakaomba, kwa hivyo nakala ya huko yaongezewa vipande vichache, babake atoka nje na yeye amkimbilia amkumbatia. Na Kieślowski mwenyewe alikuwa na wazo la kutengeneza nakala tofauti tofauti kwa kumbi mbali mbali za Paris, kila ukumbi na yake, halikutimia kwa vile muda na pesa havikuwako. Dada ameuchagua wa kukumbatia, asema mtu ametoka msibani mwacheni ashikwe. Mimi ni wa mti. Karibu na kwetu kuna karakana ya wachonga milango, kutwa harufu ya mbambakofi, na naijua ile hali ya fundi kuinua kichwa kabla hujamwambia hodi.

Huyu Kieślowski alifariki Machi 1996, miaka 54, baada ya kupasuliwa moyo. Moyo, tena. Sikutaka kulijua hilo na sasa silisahau.

Kwa anayetaka kuiangalia: kuna mahali pa kitandani watu hawana nguo kabisa, na si mara moja, kwa hivyo si ya kuangalia na wazazi wala watoto, hili nawaambia mapema msije mkanilaumu. Lugha ni Kipolandi na Kifaransa, maandishi ya chini tulikuwa nayo ya Kiingereza, na maneno si mengi, ukiwa Kiingereza chako ni cha shule utafuata tu. Usiiangalie kwenye simu. Ukikosa projekta afadhali spika nzuri, manake nusu ya picha hii ni ya masikio. Na ukifika nusu saa ukaona hujaelewa, endelea, si wewe.

Ikikukolea kuna nyengine yake ya zamani zaidi, Przypadek, aliimaliza 1981 na serikali yao ikaizuia mpaka 1987. Hiyo ni ya mwanamume, Bogusław Linda, akimbilia treni stesheni, na twaonyeshwa mara tatu: ameipata, amezuiwa na askari, ameikosa, na kila mara awa mtu mwengine na siasa nyengine. Ni kavu kuliko Véronique na ina mambo mengi ya chama cha huko ambayo yataka subira, lakini yeyote aliyewahi kusimama kwenye jeti ya Mokowe akaona basi la Mombasa lashatoka ataielewa bila kufundishwa.

Dada amerudi kazini Jumatatu. Nilimsindikiza mpaka kwenye boti na mzee mmoja pale akaniaga mimi badala yake, safari njema mwanangu, na tukamuitikia wote wawili. Ile ya treni amesema ataitafuta Mombasa aje nayo Idi. Hii ya Véronique iko kwangu, anayeitaka aje aichukue ila airudishe.